UZI: Babu yangu Kalasinga, dereva wa basi Uingereza, alivua kilemba kabla hajaambiwa

MjukuuWaSingh:

Wakuu salama? Juzi kwenye ile mada ya wabeba boksi kuna mtu aliandika kwamba wahamiaji wa zamani walipokelewa vizuri Uingereza kuliko wa sasa, eti kazi zilikuwa zinawasubiri uwanja wa ndege. Kazi zilikuwepo, hilo sibishi. Ila ngoja niwape habari ya babu yangu mzaa mama halafu mtaamua wenyewe kama ni mapokezi.

Mama ni Mpunjabi wa Mombasa, baba ni mtu wa Kisauni, na hiyo ndoa ina uzi wake peke yake tuiache kwanza. Babu alitoka Punjab akaja Kenya kijana kabisa miaka ya 40. Hakujenga reli. Nasema mapema maana mtu akisikia Kalasinga tu anaanza habari za reli na simba wa Tsavo, reli ilifika ziwani 1901 na babu hata hajazaliwa. Yeye alikuja kwa mjomba wake mwenye gereji, akaanza kwa kuosha spea na mafuta ya taa, akapanda mpaka injini, baadaye akawa anapiga ruti ya Mombasa Nairobi na malori, halafu mabasi, enzi hizo sehemu kubwa ya ile barabara ni vumbi tupu, unashuka Makindu mwekundu mpaka kope.

Sasa 1967 Kenya ikapitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara, asiye raia lazima awe na kibali cha kazi, na babu kama Wahindi wengi wa wakati ule alikuwa na pasipoti ya Kiingereza. Watu wakaanza kuondoka. London kuona ndege zinakuja zimejaa wakatunga sheria yao chapchap, ilipita bungeni ndani ya siku 3 tu, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1968, na baada ya hapo mwenye pasipoti yao hiyohiyo anatakiwa apate vocha, na vocha ni 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Yaani pasipoti ni yao, wameiandika wao, na mlango wamefunga wao. Februari ile uwanja wa ndege wa Embakasi ulikuwa vurugu tupu. Babu yeye alishapenya mapema, 1967 hiyohiyo, na wanawe wawili wakubwa, bibi akafuata baadaye, mama akabaki Mombasa kwa shangazi yake kwa sababu ya shule na ndo yuko hapa mpaka leo.

Alifikia West Midlands, mji jirani na Wolverhampton, kwa binamu yake. Kwanza alifanya kazi ya kuyeyusha chuma shifti ya usiku, Wapunjabi wengi walianzia huko. Lakini yeye ni dereva bwana. Akaenda kuomba kazi ya basi, na kabla ya kwenda akaingia kwa kinyozi.

Hapo ndo penyewe. Hakuna mtu aliyemwambia vua kilemba. Alisikia tu kwa watu kwamba ukienda na kilemba na ndevu utapoteza nauli yako. Akakata. Mtu ambaye hajawahi kupitisha mkasi kichwani tangu azaliwe.

Naendelea chini, simu inaita.

Nyundo_ya_Tabora:

Mkuu tupe muendelezo usitufanyie kama wale wa hadithi za saa nane usiku

chai_ya_rangi:

Samahani kwa ushamba wangu, hivi nywele kwa Kalasinga ni dini au ni mila? Nimekua nao mtaa mmoja Arusha sijawahi kuuliza, naona aibu

MjukuuWaSingh:

@chai_ya_rangi ni dini mkuu. Aliyeingizwa rasmi kwenye Khalsa, yaani jumuiya ya Makalasinga waliokula kiapo cha dini, anatakiwa awe na vitu vitano: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kisu kidogo kinaitwa kirpan, na kaptula ya ndani ya aina yake. Kilemba chenyewe kazi yake ni kuzibeba na kuzistiri hizo nywele, kwa hiyo ukimwambia Singh avue kilemba usifikiri unamwambia avue kofia. Na wale waliokata bado wanajiita Masingh na gurudwara, hekalu lao, wanaenda, ila nyumbani kuna majirani wanakuangalia kwa pembeni.

Twende. Wakati babu anaingia kwenye basi, hapo jirani Wolverhampton moto ulishawaka. 1967 dereva mmoja anaitwa Tarsem Singh Sandhu alirudi kazini kutoka likizo ya ugonjwa akiwa na ndevu na kilemba. Mwanzo aliingia kazini amenyoa, kama wengine. Wakamwambia sheria ya unifomu inataka dereva awe amenyoa na avae kofia ya kazi, nenda nyumbani ukanyoe urudi. Akagoma. Ukatoka hapo mgogoro ambao ulidumu karibu miaka miwili, kwa ajili ya kitambaa cha kichwani.

Na mjue Wolverhampton sio mji wa mchezo. Mbunge wake mmoja alikuwa Enoch Powell, yule aliyetoa ile hotuba ya Birmingham tarehe 20 Aprili 1968 kwamba akiangalia mbele anaona mto unatoa povu la damu, na humohumo kwenye hotuba kampeni ya Masingh wa mabasi imetajwa kama mfano wa watu wanaodai upendeleo. Babu alikuwa na miezi michache tu kwenye nchi, anaendesha basi, abiria asubuhi yake wamesoma hayo gazetini.

Basi zenyewe sasa. Zile za ghorofa za zamani dereva anakaa peke yake kwenye kibanda mbele kulia, injini iko kushoto kwake, abiria wanapanda kwa nyuma ambako hakuna mlango, pako wazi tu, na kondakta yuko huko. Wanaongea kwa kengele: moja simama, mbili ondoka. Babu alikuwa anasema mguu wa kushoto unaiva na wa kulia unaganda. Lakini alikipenda kile kibanda kwa sababu moja, mle ndani alikuwa anatukana madereva wenzake kwa Kiswahili kutwa nzima na hakuna anayemsikia. Mpaka uzeeni ukimpeleka mahali akitaka muondoke haongei, anagonga meza mara mbili.

Kibao_cha_Mbuzi:

😂😂 anagonga mara mbili. Mi nimekua na marehemu mjomba kondakta wa Mombasa alikuwa anapiga bati la ubavuni, ni yaleyale

Mwanaisimu_feki:

Mi nina swali kwa mleta mada, na usinielewe vibaya. Kwa nini mwajiri alaumiwe? Unifomu ni unifomu. Ukienda nchi ya watu fuata ya watu. Mbona babu yako alikata na maisha yakaendelea, kwa nini hao wengine walishindwa?

Leicester_Mswahili:

@Mwanaisimu_feki hoja yako ingekuwa na nguvu kama hao Waingereza wangekuwa hawajawahi kuona kilemba. Masingh walipigana vita mbili za dunia upande wa Mwingereza wakiwa na vilemba vyao. Hapohapo Kenya polisi wa kikoloni Kalasinga walivaa kilemba na nembo ya mfalme mbele yake. Kwa hiyo kilemba kinafaa kukamata mwizi Nairobi, kinafaa kupigwa risasi Burma, hakifai kukata tikiti Midlands. Hiyo ndo unifomu unayoitetea.

Na haikuwa Wolverhampton tu. Manchester ndo walianza, 1959 kuna Singh mmoja, G. S. S. Sagar, aliomba kazi ya ukondakta wakamkatalia sababu ya kilemba, akasema basi nitavaa cha rangi ya bluu ya unifomu na nitakibandika beji yenu. Wakakataa. Mabishano yakaenda mpaka 1966 ndo wakakubali, na mwenyewe wakati huo umri wa kuajiriwa ulishampita. Miaka 7.

Nyundo_ya_Tabora:

Eeh Mungu. Kabishania kiti ambacho hakukalia

MjukuuWaSingh:

@Mwanaisimu_feki sijakuelewa vibaya, swali lako nimeishi nalo. Ndani ya familia yetu liliulizwa kwa namna nyingine, kwa nini yeye alikata wakati wengine walikataa.

Maana Februari 1968 maelfu ya Masingh waliandamana Wolverhampton, wametoka miji mbalimbali ya Uingereza, na babu hakwenda. Alikuwa na shifti. Binamu yake alikwenda akarudi akamkuta anakula, akamuuliza umejisikiaje kuendesha basi leo? Babu akamwambia nimejisikia baridi. Hayo nimeyapata kwa mjomba, sio kwake, yeye hakuwahi kuligusa.

Ila pia msidhani Wahindi wote walikuwa kitu kimoja. Mji ule karibu nusu ya madereva na makondakta ni Wahindi, na wengi wao walishakata nywele zamani ndo wakapata hizo kazi. Wapo walioona Sandhu anawaharibia. Wapo waliosema vita yetu ni mishahara na nyumba, hii ya vilemba inatugawa. Chama cha wafanyakazi nacho hakikuwa upande wake. Mimi binafsi naona hao waliokata ndo waliokuwa na wakati mgumu zaidi maana kila aliyesimama kudai kilemba alikuwa anawakumbusha wao walichofanya.

Sasa nani alimaliza ule ugomvi? Mzee kutoka Kenya! Anaitwa Sohan Singh Jolly, mtu wa miaka 60 na ushee, aliwahi kuwa polisi hukuhuku kwetu, akawa kiongozi wa Akali Dal, chama cha siasa cha Masingh, huko Uingereza. Mwanzoni mwa 1969 akatangaza kwamba wasipoondoa marufuku atajichoma moto hadharani mwezi Aprili. Na watu waliamini, kwa sababu Januari hiyohiyo yule mwanafunzi Jan Palach alikuwa amejichoma Prague, dunia nzima imeona. Wengine wakajitokeza kusema akifa yeye na sisi tutafuata. Balozi wa India akaingilia, India kwenyewe watu wakaandamana, serikali ya London ikaanza kutoka jasho. Tarehe 9 Aprili 1969 kamati ya usafiri ikaondoa marufuku, na wakasema waziwazi kwamba hawajabadili mawazo, wamelazimika tu.

chai_ya_rangi:

Kwa hiyo polisi mstaafu wa Kenya ndo aliwapiga mkwara Wolverhampton 😅 Hii mbona hatufundishwi

Bint_Likoni:

Mie nataka kujua babu baada ya hapo. Alirudisha kilemba kesho yake?

MjukuuWaSingh:

@Bint_Likoni dadangu hapo ndo pagumu. Hakurudisha. Ruhusa ipo, wenzake wawili watatu wakaanza kufuga ndevu, wanaonekana kama wagonjwa zile wiki za mwanzo, halafu wakatokea na vilemba, hakuna dunia iliyoanguka, abiria wanapanda wanashuka. Babu akaendelea na nywele zake fupi na mstari pembeni. Miaka.

Ipo picha yake moja ya wakati huo, koti la unifomu, kofia mkononi, beji kifuani, kashika kofia kama mtu anayemshikia mwenzake. Haikuwahi kutundikwa ukutani. Zilizotundikwa ni za Mombasa, kabla, na za uzeeni, baada. Hiyo ya katikati mjomba aliikuta kwenye bahasha ya hati za malipo.

Alirudi kwenye kilemba baba yake alipofariki Punjab. Alikwenda kwenye msiba na kichwa chake kile, akakaa mle ndani na wazee wa kijiji, akarudi Uingereza hajasema neno, na tangu hapo mkasi haukumgusa tena. Alimalizia miaka yake ya basi amevaa kilemba cha bluu iliyoiva kufanana na koti.

Mimi nilikuja kukaa naye mwishoni mwa miaka ya 90 nilipokwenda kusoma, yeye ameshastaafu. Kazi yangu ya asubuhi kabla ya chuo ilikuwa kumshikia kitambaa. Ni kama mita 5 hivi. Unasimama mwisho wa korido na ncha mbili za upande wako, yeye ana zake, mnavuta mpaka kinakaza, halafu mnakunja kwa urefu, mara moja, mara ya pili, bila kuachia, ukilegeza anakuangalia tu. Kisha ncha moja anaing'ata kwa meno, anaanza kuzungusha kutoka sikio la kushoto, kila tabaka anapitisha kidole kulinyoosha, mwisho anachukua kijiti cha chuma chembamba anaingiza zile nywele za pembeni zilizotoroka. Siku ambazo nilichelewa kuamka nilimkuta ameifunga ile ncha kwenye kitasa cha mlango wa jikoni anavuta mwenyewe, na ukitaka chai usubiri amalize maana mlango ndo huo.

Mwanaisimu_feki:

Sawa nimekusoma. Ila bado nasema ukweli mchungu, wenzake walikubali kufa yeye alikubali kunyoa. Tusimpambe.

Kibao_cha_Mbuzi:

Wewe nawe, ana watoto, kafika ugenini na baridi ile, ungefanyaje?

Leicester_Mswahili:

Tena ujue Sandhu mwenyewe aliingia kazini amenyoa. Na hao maelfu kwenye maandamano wengi walishawahi kunyoa. Huwezi kuchora mstari hapa mashujaa pale waoga.

Niongeze na hili kwa wanaodhani Waingereza walikuwa wanatusubiri na maua. 1972 Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90, mji huu ninaoishi ulilipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia msije Leicester, shule zimejaa nyumba zimejaa. Wakaja hivyohivyo, maelfu. Sasa hivi sikukuu ya Diwali ya hapa mji unaitangaza kila kona ya dunia ili watalii waje. Akili za kibiashara.

MjukuuWaSingh:

@Mwanaisimu_feki simpambi wala simtetei, namkumbuka. Na yeye mwenyewe alikuwa anakubaliana na wewe nadhani, ndo maana alikaa kimya. Lakini nikupe kimoja. Mama alipotaka kuolewa na baba, Mswahili, Mwislamu, ukoo mzima ulisimama, simu kutoka Punjab, simu kutoka Nairobi, binamu yule wa maandamano ndo alikuwa mkali kuliko wote. Bibi akalia. Babu aliandikiwa barua aseme neno kama mkubwa wa familia. Barua yake mama anayo, kwa Kipunjabi, fupi mno, imeandikwa: mimi nilikata nywele zangu nipate kuendesha basi, nikukataze nini wewe. Halafu chini akauliza kama shangazi amelipwa pesa ya kodi.

Bint_Likoni:

Uuuwi. Na harusi alikuja?

MjukuuWaSingh:

Hakuja, nauli. Alituma sanduku la vyombo, nusu vilivunjika bandarini.

chai_ya_rangi:

Pole na vyombo 😂 Kiswahili alikisahau huko?

MjukuuWaSingh:

Kiswahili? Kiswahili kilikuwa siri yao ya depo. Walikuwa kikundi cha waliotoka Afrika Mashariki, Kalasinga wa Nakuru, Mgujarati wa Kampala, Mgoa mmoja wa Dar aliyekuwa kondakta. Waliotoka India moja kwa moja hawaelewi, wazungu hawaelewi, wanasengenya kantini mbele ya mtu huku wanampa sukari. Hawa waliotoka India waliwaona kina babu wanajidai, eti mmetoka Afrika mna vifua mbele. Na kweli walijidai. Joginder Singh aliposhinda Safari Rally, 1965, 1974, 1976, babu alikuwa anasimulia kama yeye ndo alikuwa kiti cha pembeni. Kila Singh wa Kenya wa rika lake aliwahi kumkopesha Joginder spana, ukiwasikiliza wote unajiuliza alishindaje rali na spana zote zile garini.

Nyundo_ya_Tabora:

😂😂😂 Na Makhan Singh je? Au hao wa spana hawamjui

MjukuuWaSingh:

Alimheshimu, ila kwa sauti ya chini. Makhan Singh, yule kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, ndo alisimama Kaloleni, Nairobi, 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani, akafungiwa kizuizini mpaka 1961. Babu alikuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi maisha yake yote Uingereza, alilipa kila wiki hata pale chama kilipokaa upande wa pili kwenye mambo ya vilemba. Nikamuuliza mbona unawalipa watu hawa? Akasema mvua ikinyesha kwenye kibanda cha dereva ni wao walionipa koti.

Halafu 1976 bunge la huko likaruhusu Singh mwenye kilemba aendeshe pikipiki bila helmeti. Babu akacheka sana, akasema wameanza kukimbia mbele yetu sasa. Pikipiki hajawahi kupanda, aliziogopa.

Kibao_cha_Mbuzi:

Aliwahi kurudi Mombasa hata mara moja? Maana wengi wa rika lile waliapa hawarudi

MjukuuWaSingh:

Alirudi mara moja tu, mimi bado mdogo. Akakataa ndege ya Nairobi Mombasa, akakataa treni, anataka basi. Akachukua siti ya nyuma ya dereva kabisa. Njia nzima anaangalia mikono ya yule kijana. Makindu akasimamisha watu, wengi hawajawahi kuingia pale gurudwara, akawapanga mstari, akawafunga leso vichwani mmoja mmoja, mpaka dereva na utingo wake, wakala chapati na dengu na chai bure kama kawaida ya pale, basi limechelewa na hakuna aliyelalamika, labda mama yangu peke yake maana alikuwa amekuja kumpokea na aibu zinamuua.

Shida ilianza baada ya Mtito. Kijana anashuka mteremko gia kubwa, anakanyaga breki tu. Babu kavumilia, kavumilia, mwisho akaegemea mbele: kijana, rudisha gia mbili chini, utachoma breki. Dereva kimya. Mara ya pili. Mara ya tatu yule kijana akasimamisha basi pembeni ya barabara, akavuta hendibreki, akageuka: mzee, njoo uendeshe wewe basi!

Bint_Likoni:

Akaenda???

MjukuuWaSingh:

Alishasimama na kuvua koti. Mama ndo alimshika shati.